Machungwa ya Muheza, bei anapanga nani?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niseme la machungwa huku kwetu Muheza, maana msimu ukifika ndo utajua nani ana sauti. Kiwanda cha juisi kinatuma dalali, anazunguka shambani anabonyeza bonyeza, hili dogo, hili lina madoa, mwisho anataja bei yake, ukigoma anawasha bodaboda anaenda kwa jirani na chungwa likishaiva halikusubiri. Tenga nalo linajazwa mpaka linaota kichuguu juu, eti tenga moja! Mizani hakuna. Afu juisi dukani mwaka mzima bei haishuki hata mia.

Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003, inakataza wanunuzi kupatana bei kichinichini na mkubwa kutumia ukubwa wake vibaya, ila mkulima wa nusu eka ataanzia wapi kesi? Msiniambie stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka mazao ghalani unapewa risiti mpaka yauzwe, korosho inakaa ghalani, chungwa linaoza. Sisi tunataka kupimiwa kwa kilo na mkataba wa maandishi kupitia ushirika kabla miti haijatoa maua. Na dalali asituletee tena habari za "kiwanda kimesema", aje na karatasi.

Mkulima, Muheza, Tanga