Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Arusha: watoto wetu wanamjua dubu, mbega hawamjui

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

Pokea salamu za mzazi wako kutoka Tengeru. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 32, mingi nikiwa na darasa la kwanza hadi la tatu, na nilipostaafu nilishindwa kukaa bila watoto. Basi kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wakisharudi kanisani, natandika mkeka barazani, natoa sanduku la vitabu, na watoto wa majirani wanakuja kusoma. Jumamosi haiwezekani, ni siku ya soko la Tengeru na wengi wanawasaidia mama zao kubeba ndizi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wazazi wengi, na napenda nao walisome.

Mwezi uliopita mtoto wa darasa la tatu alichukua kitabu chenye picha ya dubu wa barafu. Ni kitabu kizuri, karatasi nzito, rangi zimekolea, kilikuja na boksi la msaada kutoka Ulaya. Alikitazama muda mrefu, kisha akanyoosha kidole mlimani: "Bibi, huyu anakaa kule juu Meru, kwenye baridi?"

Swali hilo limekaa nami tangu siku ile. Mtoto alifikiri sawasawa kabisa. Mnyama ni wa baridi, mlima una baridi, basi kwake ni pale. Akili anayo, kitabu cha kumwambia ukweli wa mlima wake ndicho hana. Nikawauliza wote, katika ule msitu tunaouona kutoka hapa, wanakaa wanyama gani? Wakajibu simba. Hifadhi ya Taifa ya Arusha haijulikani kwa simba, na dereva yeyote wa watalii atakuambia hivyo. Wakajibu nyani, hapo wakapata. Baada ya nyani kukawa kimya. Mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe, ambaye watu wanavuka bahari kuja kumtazama, hakutajwa na hata mmoja, na msitu wake hauko mbali na mkeka waliokalia.

Nina jirani ambaye ni muongoza watalii. Nilimwomba, na siku moja ambayo hakuwa na wageni akatupakia, mimi na watoto watano. Tukapita Usa River, tukakata kushoto kuelekea Ngurdoto. Tulipoingia msituni, kabla ya kufika ukingo wa kreta, tukawakuta juu ya miti. Mmoja aliruka kutoka tawi la juu, mikono imetanuka, manyoya meupe ya ubavuni yakapepea kama mgolole wa mzee, akatua mti wa pili bila kelele. Watoto waliacha kupumua. Jirani akaanza kueleza taratibu: mbega hana dole gumba, vidole vyake vinne vinashika tawi kama ndoano, chakula chake kikubwa ni majani, na tumbo lake limegawanyika vyumba mithili ya la ng'ombe ili majani magumu yapate kusagika, mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, weusi unakuja baadaye. Nami nikaongeza kwamba Uchagani zamani, ngozi ya mbega ilivaliwa na wakubwa siku za heshima. Mtoto mmoja akakunja dole gumba lake akajaribu kushika tawi kwa vidole vinne. Wenzake wakamfuata, wote watano wananing'inia kwenye kijiti pale kituo cha kupumzikia. Katika miaka yangu yote darasani sijaona somo la sayansi likiingia mwilini namna ile.

Tuliporudi walitaka kusoma zaidi kuhusu mbega, nikafungua sanduku, sikuwa na kitu.

Nikaenda mjini kutafuta. Vitabu vya wanyamapori Arusha vipo, usidhani havipo. Vipo kwenye maduka ya zawadi karibu na mahoteli, vikubwa, vizito, vya Kiingereza, na bei yake imepangwa kwa mfuko wa mgeni. Vya Kiswahili vya watoto nilivyovipata vingi ni hadithi za Sungura na Fisi, na vitabu vya kiada vinavyowagusa wanyama kwa ukurasa mmoja au miwili kisha vinahamia kwenye maji safi na salama. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni kidogo: kitabu chembamba cha Kiswahili, cha mtoto aliyejua kusoma juzi, kinachomweleza mnyama wa hapa kwetu jinsi alivyo. Nilizunguka hadi Mnara wa Saa na kurudi, nikapanda daladala mikono mitupu.

Ndugu Afisa, mji huu una deni katika jambo hili, na deni lenyewe lina tarehe. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko hapa hapa Arusha kuhusu wanyamapori. Wengi tunalikumbuka Azimio la 1967, hili la 1961 limesahaulika. Aliahidi kwamba tutafanya kila lililo katika uwezo wetu ili wajukuu wa watoto wetu waje waufurahie urithi huu. Hesabu vizazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana miaka sitini na kitu, na mjukuu wake yuko darasa la pili. Mwalimu alikuwa anawazungumzia hawa hawa wanaokaa kwenye mkeka wangu. Ardhi tumeitunza: Serengeti, Ngorongoro, Manyara, Tarangire, zote zipo. Lakini mtu anaufurahiaje urithi ambao hajawahi kuambiwa ni wake, kwa lugha anayoielewa?

Naomba unisikilize kidogo kuhusu fisi, maana huyu ndiye aliyenifundisha ukubwa wa jambo lenyewe. Hadithi zetu zimemfanya mlafi, mjinga na mwoga, anayesubiri mabaki ya simba. Nimezisimulia mwenyewe mara nyingi na watoto wamecheka, na nitaendelea kuzisimulia. Lakini miaka ya 1960 watafiti waliwafuata fisi usiku kule Ngorongoro na wakakuta mambo mengine. Fisi wa pale walikuwa wawindaji hodari, sehemu kubwa ya chakula chao wakiikamata wenyewe, na mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye kuwanyang'anya. Asubuhi mtu anapita anamwona simba juu ya mzoga na fisi wamezunguka, anahukumu kwa alichokikuta. Na jambo lililowafanya wasichana wangu wa darasa la nne wakae wima: katika ukoo wa fisi, majike ni wakubwa kuliko madume na ndio wanaotawala. Niliwaambia haya kwa mdomo tu, nikaulizwa maswali hadi giza likaingia. Hebu fikiria mtoto amesoma hadithi ya Fisi mlafi kwenye kitabu kimoja, kisha akakuta kitabu cha pili kinamwambia usiku wa Ngorongoro ulivyo. Atajifunza kwamba neno lililoandikwa linaweza kupimwa, nayo ni elimu ambayo hata mitihani yetu inaitafuta kwa shida.

Kuna viumbe vinavyokufa kwa kukosa kitabu, na sitii chumvi. Bundi akitua juu ya bati, kesho yake vijana wana mawe, kwa sababu wameambiwa ni ndege wa wachawi. Ndege huyo usiku kucha anakula panya wanaotumalizia mahindi. Kinyonga naye anapigwa fimbo njiani kwa sababu ya sura yake na macho yanayozunguka kila moja kivyake, wakati kinyonga wetu hana sumu. Siku moja nilimkuta mvulana mwema kabisa, mtoto wa kwaya, amemuua mmoja nyuma ya jiko langu. Alikuwa anatetemeka kwa hofu. Nilitamani niwe na kurasa chache za kumpa akae nazo, hofu imtoke polepole, kwa sababu maneno ya bibi yanasahaulika akifika kwao.

Halafu kuna majina. Jirani yangu yule, mtu wa Meru aliyezaliwa chini ya msitu, anawajua ndege zaidi ya mia moja, na karibu wote anawataja kwa Kiingereza. Nikimuuliza Kiswahili chake ananiambia "ndege mdogo wa bluu". Hana kosa, vitabu alivyojifunzia kazi ndivyo vilivyo. Lakini Kiswahili kina furukombe, yule tai anayevua samaki pale Ziwa Duluti. Kina mdiria, kina ndege karani, kina heroe. Kina kuro, pofu, choroa, tandala, digidigi na kongoni, na watoto wetu wote hao wanawaita swala. Kina kakakuona na mhanga. Nyuma ya Kiswahili kuna Kimeru, Kichaga, Kimaasai na Kiiraqw, na wazee wenye majina hayo vichwani wanapungua kila mwaka. Jina ambalo mtoto hajalisoma hatamwachia mwanawe.

Heroe nimemtaja, ndiye yule wageni wanamwita flamingo, nimweleze pia. Wale wa aina iitwayo heroe mdogo wanazaliwa Ziwa Natron kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani, ndani ya mkoa huu unaousimamia. Wanajenga viota vya tope katikati ya magadi makali ambako fisi na mbweha hawafiki kirahisi. Kifaranga hutoka wa kijivu, na wekundu wake unatokana na viumbe vidogo sana vya majini anavyokula. Ukimpa mtoto wa Longido kitabu hicho, umempa ziwa lake mwenyewe.

Sasa naomba tahadhari moja, na hii naiandika nikiwafikiria watoto wa Enduimet na wa vijiji vyote vinavyopakana na hifadhi. Vitabu vya zawadi vinamchora tembo anatabasamu. Mtoto ambaye baba yake amelala shambani wiki nzima akipiga debe, na asubuhi mahindi yamelazwa chini, ukimpa kitabu kinachosema tembo ni rafiki atakifunga na hatakuamini tena. Kitabu chetu kisimdanganye. Kimwambie kwamba kundi la tembo linaongozwa na jike mzee anayekumbuka njia ya maji, kwamba njia hiyo ilikuwepo kabla ya shamba, na kwamba ushoroba, yaani njia hiyo ya wanyama, ukizibwa tembo hapotei, anapita kwenye mahindi. Kimweleze kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki inayotundikwa kuzunguka shamba kwa sababu tembo anaogopa nyuki. Kimwambie pia afanye nini akikutana na nyati au tembo akienda shule. Mtoto wa pembezoni mwa hifadhi anahitaji ukweli mzima, pamoja na wa kutisha.

Ombi langu lina ukubwa wa kurasa 16. Wachapaji watakuambia karatasi moja kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha namna hiyo hakimalizi fedha. Mnyama mmoja, kitabu kimoja, maneno machache. Naomba ofisi yako iite watu wakae pamoja siku tatu wakati wa likizo ya Juni: walimu wa madarasa ya chini, askari wa hifadhi kutoka TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambao makao yao makuu yako hapa hapa mjini, watu wa Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma, walezi wa klabu za Malihai, zile za wanafunzi za uhifadhi, na wazee wawili watatu wa kutupa majina. Chuo cha Mweka kiko kule Moshi tangu 1963, kimefundisha wahifadhi wa Afrika nzima, sidhani watakataa kututumia mwalimu mmoja wa kuhakiki. Wachoraji nao wamejaa Arusha. Kila siku wanachora twiga na pundamilia wa Tingatinga kwa ajili ya wageni, na kazi zao nazipenda. Kwa kitabu hiki tutawaomba wachore manyoya na kwato kama zilivyo. Nina hakika watafurahi mara moja mtoto wa hapa awe ndiye mteja.

Mambo ya ithibati ya vitabu vya ziada unayajua kuliko mimi, na mlango wa kupitia unaujua. Mimi nitakuja bila posho, na ninajitolea kusoma kila rasimu kwa sauti mbele ya watoto wangu wa Jumapili. Sentensi inayowachosha huwa wanaanza kuchezea mkeka, na hapo mwandishi atajua pa kukata.

Nakala ya karatasi ya barua hii nimeileta ofisini kwako pamoja na daftari la kijani. Hilo ndilo kitabu cha mbega walichokitunga watoto watano baada ya safari ya Ngurdoto. Picha zimechorwa kwa kalamu za rangi, nyeupe haikuonekana kwenye karatasi nyeupe kwa hiyo mkia wa mbega wameubandikia pamba. Ukurasa wa sita una kosa la tahajia ambalo sikulisahihisha. Nakuomba ukisome, kisha ukirudishe kwa mtu yeyote anayekuja Tengeru kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, kwa sababu kiko kimoja tu na zamu ya kukisoma ni ya watoto wa darasa la pili.

Wako katika kazi ya watoto,
Mwalimu mstaafu, Tengeru