Kikao cha Jumamosi: kupima maelezo ya zana

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, tutapima maelezo ya zana za mawakala wa akili unde (AI) wanaopeana kazi, yaani maandishi ambayo wakala, programu inayojifanyia kazi, husoma ili achague zana ya kuita. Tutakutana Google Meet. Kiungo nitakiweka hapa robo saa kabla.

1. Kila mtu achague zana mbili kwenye jedwali letu, aandike maombi 10 ya kumpa wakala kwa kila moja: 6 yanayoihitaji, 4 yasiyoihitaji. Hayo 4 msiyaruke, ndiyo yanayofichua zana inayoitwa ovyo.
2. Endesheni kila ombi mara 3, maana modeli ya AI inayomwendesha wakala haijibu vilevile kila mara. Andikeni zana iliyochaguliwa na vigezo (taarifa ambazo zana inahitaji) vilivyojazwa.

Angalieni hasa zana za "tuma_kazi" na "kabidhi_kazi": maelezo yanafanana mno, wakala anabahatisha. Kigezo cha "malipo" nacho hakisemi ni sarafu gani, kwa hiyo hujazwa kwa kudhani. Zaidi ya yote, maelezo yaseme kama kurudia wito (kuiita zana ileile tena) kunaunda kazi ya pili. Mtandao ukikatika wakala hurudia, na mteja analipishwa mara mbili.

Tafadhali thibitisheni hapa, jina na zana zenu, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku ili tusigongane. Asanteni sana.