Kaka, huu hapa mkeka wangu wa Jumanne

Cleveland, Ohio
29 Septemba 2025

Kaka vipi, mzima wewe? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu, baridi bado haijaanza kuuma, jioni ukitoka na sweta inatosha.

Voisi yako nimeisikiliza leo asubuhi nikienda kazini, umeuliza swali fupi tu, nani anapita raundi ya kwanza ya mtoano wa besiboli ya huku Marekani, nikaona kukujibu kwa voisi haitoshi, bora nikae niandike maana hili jambo liko kichwani toka wiki iliyopita na kuna kitu nataka ukielewe kabla hujaandika jina la timu hata moja kwenye mkeka wako. (Na mkeka wetu uendelee kuwa hivi hivi bila hata shilingi ndani yake, nitakwambia kwa nini nikifika kwa Cleveland.)

Kwanza nikuombe, usiangalie msimamo. Najua wewe ni mtu wa Ligi Kuu, umezoea kwamba aliyeongoza mwisho wa msimu ndio bora na hakuna mjadala, ila besiboli wanafanya kitu kingine kabisa, wanacheza mechi 162 toka Machi mpaka Septemba, karibu kila siku wako uwanjani, halafu wakifika hapa wanachukua timu 12, nne zinapumzika, mabingwa wawili bora wa makundi toka kila moja ya ligi mbili, mwaka huu ni Toronto, Seattle, Milwaukee na Philadelphia, na nane zilizobaki zinapangwa mbili mbili, mechi tatu, anayewahi kushinda mbili anasonga. Tena zote tatu zinapigwa kwenye uwanja wa mwenye nafasi ya juu, mgeni hapati hata moja kwake. Miezi sita ya jasho inaamuliwa ndani ya siku mbili au tatu.

Sasa utasema basi mwenyeji anabebwa, tumalize mchezo, tuandike wenyeji wote wanne. Hapana kaka. Utaratibu huu ulianza 2022, mpaka mwaka jana yamechezwa mapambano 12 ya namna hii, na wenyeji wameshinda 4 tu, wageni 8! Na katika hayo 12, kumi yaliisha kwa mechi mbili, hata ya tatu haikuhitajika. Na kubwa kuliko yote, hii ndio nataka uishike, aliyeshinda mechi ya kwanza amepita mara zote 12. Zote. Hakuna aliyepoteza ya kwanza akageuza meza, si mwenyeji si mgeni.

Kwa hiyo mimi situmii muda wangu kutabiri mechi tatu, natabiri ya kwanza tu.

Sababu iko wazi ukiangalia warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Mrushaji anayeanza mechi hawezi kurusha kila siku, mkono hautakubali, anapumzika siku nne au tano, ndio maana timu inakuwa na warushaji wa kuanza watano wanaozunguka msimu mzima. Ubora wa timu kwenye msimamo ni ubora wa hao watano pamoja na benchi zima kwa miezi sita. Ila kwenye mechi tatu wa nne na wa tano hawana kazi, ukiwa na mmoja wa kutisha na akawa amepumzika vizuri basi siku ile wewe ni timu nyingine kabisa, huna habari na nafasi uliyomaliza. Ndio maana 2023 Arizona walioshinda mechi 84 tu walikwenda Milwaukee wakawatoa watu wenye 92, wakaendelea mpaka World Series, yaani fainali, na wakakutana huko na Texas ambao nao walianzia raundi hii hii ugenini kwa Tampa Bay wenye 99, na Texas ndio wakabeba ubingwa. Philadelphia 2022 ndio kabisa, mechi ya kwanza pale St. Louis wako nyuma 2-0, inningi ya tisa, yaani zamu ya mwisho, watu wanakusanya mabegi, wakaingiza rani (pointi) sita wakashinda 6-3 na wakafika fainali. Halafu Seattle siku ya pili yake wako Toronto wako chini 8-1, nane moja kaka, wakashinda 10-9. Hii raundi haina adabu kabisa.

Haya, tuje kwenye mkeka.

Naanza na inayoniuma, Detroit kuja hapa kwetu Cleveland. Wewe umekaa huku unajua mimi na Guardians, timu ya hapa, na mwaka huu wamefanya jambo ambalo historia ya besiboli haijawahi kuona. Tarehe 8 Julai walikuwa nyuma ya Detroit kwa mechi 15 na nusu kwenye msimamo wa kundi, walikuwa wametoka kupoteza kumi mfululizo, hakuna mtu mjini alikuwa anaongelea ubingwa wa kundi. Mwisho wa mwezi huo huo mrushaji wao wa kufunga mechi, Emmanuel Clase, akawekwa pembeni na ligi, mrushaji mwenzake Luis Ortiz alitangulia mwanzoni mwa mwezi, uchunguzi wa mambo ya kubeti, mpaka leo hawajarudi. Ndio maana nasema mkeka wetu ubaki bila hela, hayo mambo yanaharibu kila yanapogusa. Timu ile ile, haina hela, inapiga kwa shida, José Ramírez anaibeba mgongoni na homurani zake 30 (mipira aliyoipiga mpaka nje ya uwanja) na besi 44 alizoiba (vituo alivyovikimbilia kabla mpira haujapigwa), ikaanza kushinda Septemba ikawa haishindwi, ikaenda Detroit ikawapiga tatu kwa tatu, wakaja huku wakapigwa mbili nyingine, na jana Jumapili ubingwa wa kundi ukawa wetu. Hakuna timu iliyowahi kutoka mbali hivyo ikachukua kundi. Mtaani kwetu watu wamepiga honi mpaka usiku na mimi nilikuwa mmoja wao.

Na bado naandika Detroit.

Naandika Detroit kwa sababu ya mtu mmoja, Tarik Skubal. Mkono wa kushoto, mwaka jana alichukua tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Amerika na mwaka huu sioni wa kumnyang'anya, anaruhusu wastani wa rani 2.21 kwa kila inningi tisa, wapigaji 241 amewatoa kwa straiki, yaani mipira halali iliyowashinda mara tatu. Alirusha mara ya mwisho Jumanne iliyopita, hapa hapa Cleveland, na sisi tulimshinda siku ile, tulimsumbua kwa kubanti, yaani kuugusa mpira kidogo tu ubaki karibu, mpaka akachanganyikiwa, halafu mpira wake ukampiga usoni David Fry aliyekuwa amejipanga kubanti, uwanja mzima ukanyamaza na Skubal mwenyewe akavua kofia na glavu, ulikuwa unaona kabisa kaumia moyoni. Sasa jana kundi lilikuwa bado linagombewa na kocha wao A.J. Hinch hakumtumia. Alimwacha apumzike. Wamekubali kupoteza kundi ili Skubal awe na wiki nzima ya kupumzika kabla ya kesho, na mimi naona kocha alifanya hesabu sahihi kabisa, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Upande wetu anaanza Gavin Williams, kijana mzuri sana, anarusha kwa nguvu na amemaliza msimu vizuri kuliko alivyoanza. Mechi itakuwa ya rani chache mno, 2-1 au 3-1 hivi. Najua utanikumbusha Oktoba mwaka jana, mechi ya tano, Lane Thomas alimpiga Skubal huyu huyu homurani ya watu wanne, iliyoleta rani nne, hapa hapa nyumbani tukawatoa, nakumbuka vizuri sana. Ila mtu kama yule kumpiga mara mbili ndani ya wiki moja sioni. Wakishinda kesho, Jumatano sisi tunaweza kuchukua maana Casey Mize sio Skubal, tukafika Alhamisi, na Alhamisi Detroit wanamalizia. Mkeka: Detroit 2-1. Nikikosea hii nitafurahi kuliko kupatia zote, mji huu unasubiri ubingwa toka 1948 na hakuna timu nyingine kwenye ligi iliyosubiri muda mrefu hivyo.

Boston kwa Yankees wa New York. Hii sina haja ya kukueleza uadui wao, umeishi na mashabiki wa Simba na Yanga unajua. Yankees wana Aaron Judge, homurani 53 na wastani wa kupiga wa .331, yaani anapiga kwa nguvu na bado anaongoza ligi nzima kwa wastani, vitu hivyo viwili huwa haviishi kwa mtu mmoja. Timu nzima imepiga homurani 274, hakuna timu iliyowafikia. Lakini Jumanne wanakutana na Garrett Crochet, straikiauti 255 (wapigaji aliowatoa kwa straiki), ameongoza ligi, Boston walimtoa White Sox kabla ya msimu kuanza na nadhani walimleta kwa ajili ya usiku kama wa kesho. Msimu huu Boston wamewafunga Yankees mechi 9 kati ya 13. Na mechi ikifika inningi ya tisa Boston wakiwa mbele anaingia Aroldis Chapman ambaye zamani alikuwa wa Yankees wenyewe na mwaka huu haguswi. Kinachonitia wasiwasi ni mrushaji wa Yankees, Max Fried, ana ushindi 19 na yeye ni mtulivu, hatakuwa rahisi, na Boston wanacheza bila Roman Anthony aliyeumia, yule mtoto ndio alikuwa anawasha moto wao. Ila nimekwambia natabiri ya kwanza tu, na mechi ya kwanza nampa Crochet. Mkeka: Boston 2-1. Huku najua watu wengi wanaandika Yankees, hainisumbui.

San Diego kwa Cubs pale Chicago, hii nitapita haraka maana haina mrushaji mmoja wa kuinamisha mzani. Matthew Boyd wa Cubs dhidi ya Nick Pivetta wa San Diego, wote wazuri, hakuna anayetisha. Kwa hiyo naangalia nani ana warushaji wa akiba bora, wale wanaoingia kuanzia inningi ya sita kwenda mwisho, na hapo San Diego wako juu, hasa toka mwisho wa Julai walipomleta Mason Miller anayerusha zaidi ya maili 100 kwa saa, mpigaji anausikia tu mpira ukipita. Cubs nao wamempoteza Cade Horton, mbavu. Nawapenda sana Cubs wakiwa uwanjani, Pete Crow-Armstrong akikimbia kule nyuma kudaka mpira ni raha kumtazama, ila mkeka unasema San Diego 2-1.

Mwisho Cincinnati kwa Dodgers wa Los Angeles. Cincinnati nao ni watu wa Ohio na timu yao ina Terry Francona, kocha wetu wa zamani hapa Cleveland, miaka 11 alikaa nasi, na kabla yetu ndiye aliyewapa Boston ubingwa 2004 baada ya miaka 86. Alistaafu kwa ajili ya afya yake, akarudi mwaka huu, akaichukua timu ambayo mara ya mwisho kushinda pambano la mtoano ni 1995, na wameingia kwa tundu la sindano, ushindi 83 sawasawa na Mets wa New York ila wao waliwazidi Mets wakicheza wenyewe kwa wenyewe. Fikiria Mets, wamempa Juan Soto mkataba wa dola milioni 765, Juni walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, jana wamepoteza kwa Miami mechi waliyotakiwa kushinda na leo wako nyumbani. Mwaka jana hawa hawa kwenye raundi hii Pete Alonso aliwaokoa kwa homurani inningi ya tisa kule Milwaukee. Inauma sana, nina rafiki kazini ni wa Mets, leo sikutaja besiboli mbele yake.

Francona atapata heshima yangu ila sioni anapitaje. Hunter Greene kesho atarusha moto, kweli, na Elly De La Cruz akifika besi ya kwanza ni kama kafika ya pili. Lakini Dodgers wanaanza na Blake Snell, Jumatano wanamleta Yoshinobu Yamamoto, na juu yao yuko Ohtani na homurani 55. Udhaifu wao ni warushaji wa akiba, wamekuwa wakipoteza mechi nyingi mwishoni, ila Snell na Yamamoto wakifika inningi ya saba hao wengine watabakiwa na kazi ndogo. Dodgers 2-0, na hii ndio pekee ninayoiandika bila mkono kusita.

Sasa mambo ya saa, maana najua utauliza. Ya kwetu na Detroit itaanza saa saba mchana huku, kwako Dar ni saa mbili na dakika nane usiku, hiyo huna kisingizio. Cubs saa nne usiku. Yankees na Boston ni saa saba usiku, na Dodgers saa kumi alfajiri, unaweza kulala katikati ukaamkia hiyo. Nunua bando la kutosha mapema usije ukakatika inningi ya tisa ukaanza kunipigia nikusimulie.

Mkeka wako nautaka kabla ya saa mbili usiku kesho, majina manne na matokeo, uandike na sababu. Kama utaandika Cleveland niambie unadhani Skubal tutampigaje, maana hilo ndilo sijapata jibu na ninalitaka kweli.

Salimia wote hapo nyumbani.

Ndugu yako