Ramani ya kumbukumbu ikishindikana, kifaa chako kisianguke nayo

Wateja wengi hutufikia na maneno yanayofanana: "Kifaa kilipita majaribio yote. Kimekaa kazini miezi mitatu, sasa kinazimika ghafla, na kikiwashwa kinaendelea kama vile hakuna kilichotokea." Tukifungua logi, mara nyingi tunakuta kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, imegusa anwani isiyo na kitu. Vipuri ni vizima. Kilichoharibika ni mistari miwili mitatu ya draiva (programu inayoiwezesha kerneli kuongea na kifaa), ile inayopaswa kufanya kazi siku kerneli inapojibu "haiwezekani".

Kazi yetu ni kurekebisha mistari hiyo. Tungependa kueleza tatizo lenyewe, ili hata kama hutatupa kazi ujue la kumuuliza aliyekuandikia draiva yako.

Kwenye mfumo kama Linux, msimbo haushiki kumbukumbu moja kwa moja. Kila anwani unayoitumia ni anwani pepe, na majedwali ya kurasa ndiyo yanayosema inaangukia wapi kwenye kumbukumbu halisi. Kwa mashine nyingi ukurasa mmoja, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu, ni baiti 4096. Draiva ikitaka kusoma rejista za kadi, yaani visehemu vinavyoshika amri na hali yake, huiomba kerneli izichoree ramani hadi kwenye anwani pepe. Ikitaka kadi ichote data yenyewe bila kuisumbua prosesa, yaani DMA, huomba ramani ya aina nyingine, inayotoa anwani ambayo kadi inaielewa. Maombi haya yote mawili yanaweza kukataliwa, na anayeandika draiva mezani kwake anaweza kumaliza mwaka mzima asilione jibu hilo hata mara moja.

Kwa nini yakataliwe? Kwenye prosesa za x86 za biti 32, eneo ambalo kerneli hulitumia kwa ramani za namna hii kwa kawaida ni MB 128 tu, na linagawanywa na draiva zote. Kadi moja yenye dirisha kubwa inatosha kulibana. Upande wa DMA, kifaa kisichoweza kufikia anwani za juu hutegemea bafa ya katikati, swiotlb, ambayo data hunakiliwa humo kwanza. Ukubwa wake wa kawaida ni MB 64, na ombi moja haliwezi kuzidi KB 256. Mzigo ukiwa mwepesi, bafa hiyo haijai. Siku mtandao na diski vinapofanya kazi kwa nguvu kwa pamoja, inajaa, na ramani inayofuata inashindikana bila kipuri chochote kuwa kibovu. Ndiyo sababu majaribio ya mezani yanapita na kifaa kinakuja kuanguka kazini.

Kushindikana kwenyewe si hatari. Hatari ni draiva isiyolitambua jibu la kushindwa, na hapa hata waandishi wazuri huteleza, kwa kuwa kerneli haina namna moja ya kusema hapana. ioremap, funksheni ya kuomba ramani ya rejista, ikishindwa hurudisha NULL, yaani anwani sifuri. devm_ioremap_resource, ndugu yake wa karibu, hairudishi NULL. Hurudisha namba ya kosa iliyovikwa sura ya kielekezi (thamani inayoshika anwani), ndani ya anwani 4095 za mwisho kabisa. Sasa chukua draiva iliyokuwa ikitumia ya kwanza, mtu akaibadilisha kuwa ya pili lakini akaacha swali la zamani: "je, ni NULL?" Jibu litakuwa si NULL, na msimbo utasonga mbele ukiwa umeshika namba -12, yaani kumbukumbu imekwisha, ukidhani ni anwani ya kadi. Kinyume chake nacho kipo: IS_ERR, kipimo cha namba za kosa za namna hiyo, ikipewa NULL inasema hakuna kosa. Makosa haya mawili tunayakuta kila mara, na kompaila haiyaoni, maana kwake vyote ni vielekezi.

Kwa DMA mtego ni mkali zaidi. Sifuri inaweza kuwa anwani halali ya DMA, kwa hiyo kuuliza "je, ni sifuri?" hakuna maana. Swali sahihi ni dma_mapping_error, na ni lazima liulizwe baada ya kila ramani. Lisipoulizwa, kadi hupewa anwani isiyo yake. Penye IOMMU, kitengo kinachochuja anwani ambazo kadi inaruhusiwa kugusa, kadi itazuiwa. Pasipo nayo, kadi inaweza kuandika juu ya kumbukumbu ya mwingine, na mfumo usianguke. Data inaharibika kimya kimya. Kwetu sisi heri kifaa kilichozimika, kwa sababu hicho angalau kimeomba msaada.

Kuna wanaosema NULL haina shida, kerneli itaanguka tu na tutaona. Lakini rejista husomwa kwa kujumlisha umbali wake na mwanzo wa ramani. Mwanzo ukiwa sifuri na umbali ukiwa mkubwa, unachogusa si sifuri tena. Zamani pia mshambuliaji aliweza kuchora ramani ya ukurasa wa sifuri na kupanda msimbo wake pale. Udhaifu wa mwaka 2009 uliosajiliwa kama CVE-2009-2692 ulitumika kwa njia hiyo hiyo, na mpangilio wa mmap_min_addr upo ili kuziba mlango huo.

Baada ya kulitambua kosa, draiva inatakiwa kurudi nyuma. Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi. Draiva inachora ramani 16 za bafa, ya nane inakataa. Za kuondolewa ni saba, kwa kurudi kinyumenyume, kisha kumbukumbu iachiwe, kisha kadi izimwe. Mteja mmoja alikuwa na msimbo ulioondoa zote 16, zikiwemo tisa ambazo hazikuwahi kuwepo. Kosa dogo la kukosa nafasi likageuka kuwa uharibifu kamili. Funksheni za devm hupunguza kazi hii kwa kuachia vitu zenyewe kwa mpangilio wa kinyume, ila hazijui kwamba kadi yako bado inaandika. Kuisimamisha kadi kwanza ni juu yako.

Mfano wa hadharani ni matangazo ya usalama ya Februari 2021 ya mradi wa Xen, programu ya kuendesha mashine pepe. XSA-361 lilihusu ramani zinazochorwa kwa mafungu ndani ya Linux: kosa la ombi moja liliweza kupotea njiani, na ramani isiyokuwepo ikachukuliwa kuwa ipo. XSA-362 lilihusu msimbo ulioona ramani imeshindikana ukaita BUG, yaani ukaiangusha kerneli yote kwa makusudi. Mashine pepe moja ya mgeni iliweza hivyo kuzima mwenyeji, yaani kompyuta inayozibeba, pamoja na wageni wengine wote. Tunawaonyesha wateja tangazo hilo la pili wanapotuambia kuwa kuangusha kila kitu ndiyo njia salama.

Njia salama hutegemea kazi ya kifaa. Draiva ya mtandao iitupe pakiti hiyo moja na kuihesabu; itifaki ya TCP itaituma tena. Draiva ya diski irudishe hali ya kukosa nafasi ili tabaka la juu lirudie ombi baadaye. Tukiombwa kuweka kitanzi cha kujaribu tena bila kikomo, tunakataa: ndani ya kikatizo, yaani prosesa inapokatizwa ili kuhudumia kifaa, msimbo hauruhusiwi kulala, na kitanzi hicho kitakwamisha prosesa nzima.

Hatusubiri bahati mbaya ijitokeze, tunaiita. Linux ina fail-nth, inayoliangusha ombi la kwanza, tukianza upya la pili, kisha la tatu, hadi draiva inapowaka bila kosa. Swiotlb tunaipunguza wakati wa kuwasha hadi ijae kwa mzigo mdogo. CONFIG_DMA_API_DEBUG hutaja draiva iliyosahau kuuliza, KASAN hukamata aliyegusa kilichokwisha kuachiwa, na kmemleak huonyesha kumbukumbu iliyosahaulika njiani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachouzwa. Timu yako inaweza kuvitumia leo.

Ukitaka tuvitumie sisi, tutumie msimbo wa draiva, toleo la kerneli pamoja na faili lake la mipangilio, na logi kamili ya anguko, isikatwe. Kama kifaa hujiwasha upya kabla logi haijaandikwa, washa kwanza pstore, sehemu ya kerneli inayohifadhi logi hata kifaa kikijiwasha upya, au unganisha waya wa siriali, kisha uache kifanye kazi hadi kianguke tena. Mstari tunaouhitaji zaidi ni ule wa kabla ya anguko, kwa kuwa hapo ndipo kerneli ilipokataa na draiva haikusikia.