Barua ya wazi kwa mabinti wa filamu mnaotangaza unga wa mifupa

Wanangu,

Nimewaona mkizungusha lile bango la filamu ya mwaka 1958, "Attack of the 50 Foot Woman", mwanamke jitu katanua miguu juu ya barabara, gari mkononi. Mnacheka. Chekeni, lilichorwa livute macho. Ila mchekaji huyohuyo kesho yake anashika kopo la unga wa mifupa mbele ya kamera na kuapa kwamba unaponya magoti. Hapo ndipo mliponikera.

Mwanamke yule ni Allison Hayes, Mmarekani, mzaliwa wa West Virginia, 1930. Kampuni ya filamu ya Universal ilimpa mkataba 1954, hakudumu nayo, akaishia kwenye filamu za bei chee. Katika mojawapo, 1956, aliangushwa na farasi akavunjika mkono. Hiyo ya jitu iligharimu kama dola 88,000, na picha ziliunganishwa kwa ubahili mpaka unaona mandhari ya nyuma kupitia mwilini mwake. Na bado hasira yake ya mke aliyesalitiwa unaiamini.

Ya kazi nitayataja tu. Soma mkataba hadi ukurasa wa mwisho. Bima kwanza, farasi au pikipiki baadaye. Chakula cha seti kiandikwe mkatabani.

Sasa kopo. Allison alitumia kalsiamu kwa muda mrefu, tena kwa maelekezo ya daktari. Ilitengenezwa kwa mifupa ya farasi. Mwili ukaanza kuuma, akawa mtu wa mkongojo, na madaktari hawakumwambia anaumwa nini. Jibu alilipata mwenyewe katika kitabu kuhusu wafanyakazi wa viwandani waliodhurika na metali. Akamlipa mtaalamu wa sumu aipime ile kalsiamu: ilijaa madini ya risasi.

Hilo si ajabu. Mwili huichukulia risasi kama kalsiamu na kuihifadhi mfupani. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi aliyonayo imo humo. Mnyama mzee ana akiba ya umri wake wote. Ukisaga mfupa wake, umeisaga na hiyo, na kuchemsha hakuiondoi. Mwenye mimba ndiye wa kuogopa zaidi, maana mifupa yake huiachia risasi ikamfikia mtoto.

Aliiandama mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani izuie bidhaa ile isiingizwe nchini. Mwaka 1976 akagundulika na saratani ya damu, akafariki Februari 27, 1977, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 47. Barua ya mamlaka, kwamba kanuni zinarekebishwa hasa kwa sababu yake, ilifika keshazikwa. Ofisi zetu nazo tunazijua kasi yake.

Kwa hiyo, kabla hujatangaza, geuza kopo. Kama limeandikwa "mifupa" bila kutaja mnyama wala majibu ya maabara ya risasi, rudisha hela ya watu. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kalsiamu kama miligramu 300. Mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Dagaa wa kuliwa mzima wanaongezea.

Aliyekwisha kuutumia unga huo, akasikia tumbo kusokota, ganzi, viungo kuuma, asitupe kopo. Aende nalo hospitali. Aombe kipimo cha risasi kwenye damu kwa jina, maana kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi. Na asichelewe: ya kwenye damu hupungua nusu kwa mwezi hivi, ya mfupani hubaki miaka, kwa hiyo majibu mazuri ya baada ya miezi sita yanaweza kumdanganya.

Mzee wenu