Mwana wa ami, karakana ya babu sitaitilia sahihi

Mwana wa ami,

Assalaam aleykum. Simu yako ya Ijumaa ilinikuta juu ya ngazi, napima dirisha la watu mtaa wa Shela hapa Malindi, ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Uniwie radhi. Nimeona heri nikuandikie, tena hadharani, kwa sababu si wewe peke yako katika ukoo wetu unayeuliza swali hilo: karakana ya babu ina nini tena zaidi ya vumbi na vipande vya vioo? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anautaka uwanja, basi tumuuzie, kila mtu achukue chake.

Wewe uliondoka hapa mdogo. Ngoja nikwambie kilichomo.

Babu hakuanza na vioo, alianza na brashi. Kwanza majina ya majahazi, kisha mbao za maduka. Kioo kilimjia kwa sababu ya kinyozi mmoja aliyechoka kupakwa upya ubao wake kila baada ya masika. Kibao cha kioo huandikwa kwa nyuma, ili jua, mvua na vidole vya wapita njia visiifikie rangi. Kwa hiyo herufi zote huandikwa kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Mafundi wengine huchora kwenye karatasi kwanza kisha wakaigeuza. Babu hakugeuza kitu. Alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, mkono wake ulikwisha kuzoea kuanzia kulia, akaziandika herufi za Kizungu kinyume kwa wepesi uleule aliouandikia Kiarabu. Mimi nimejaribu miaka mingi, na bado S yangu hugeuka.

Rangi nazo hupinduka. Kwenye ubao unapaka uwanja kwanza, yaani rangi ya nyuma ya herufi, herufi zinafuata, mapambo mwisho. Kwenye kioo kinachoonekana mbele ndicho kinachopakwa mwanzo, na uwanja ndio wa mwisho. Ukikosea ukingo wa herufi na tayari umeufunika, huna njia ila kukwangua kwa wembe.

Kazi za dhahabu zilikuwa chache, lakini nakumbuka moja kama jana. Alifunga madirisha yote, na ulikuwa wakati wa kaskazi, feni akaizima, kwa kuwa jani la dhahabu, yaani dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno, hupeperushwa hata na pumzi. Akakilowesha kioo kwa maji yenye jelatini kidogo. Halafu akachukua brashi pana, nyembamba kama ukurasa, akaipitisha shavuni mwake mara moja ili ipate mafuta ya ngozi, na jani likanasa kwenye nywele za brashi. Akalisogeza karibu na kioo, nalo likaruka lenyewe likajibandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeziba mdomo kwa viganja viwili.

Kibao cha yule kinyozi tunacho. Kilirudi kwetu duka lilipofungwa. Kiko nyuma ya mlango, kimefungwa gunia.

Baba yangu yeye alikuwa mtu wa safari. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mizigo yote ya kutoka Mombasa ilivuka pale kwa feri, na vioo vyetu vikiwemo. Kioo hakisafiri kimelala. Husimamishwa kwa ubavu, kikaegemezwa na kufungwa kamba, maana kikilazwa huvunjwa na uzito wake mwenyewe gari likipiga shimo. Baba alikaa huko nyuma ya lori na vioo vyake, si mbele kwa dereva. Siku moja lori liliteremka vibaya kwenye feri, na vioo sita vikaenda. Babu hakumfokea. Alivikagua vile vipande, akachovya kikataji chake kwenye mafuta ya taa, akapiga mstari mmoja mmoja, ule mlio wa kitambaa kinachochanwa, akatoa vioo vya fremu za picha. Ndivyo tulivyoanza kazi ya fremu. Nenda leo kwa bibi yeyote wa mtaani, tazama picha yake ya harusi ukutani.

Sasa nije kwa baba yako, Mola amrehemu. Ami ndiye aliyetuingiza kwenye vioo vya kujitazama, wakati Waitaliano walipokuwa wakijenga hoteli na majumba ufukweni. Kazi ilikuwa nyingi na ami alikuwa na haraka. Hoteli moja tuliifungia vioo bafu zote kwa gundi ya silikoni, ile yenye harufu ya siki. Hatukujua. Siki ile hula fedha iliyoko mgongoni mwa kioo, na chumvi ya bahari ikasaidia, na haukupita muda vioo vikaota madoa meusi yanayotambaa kutoka pembeni. Ami hakungoja kuitwa mara ya pili. Alivibandua vyote, akaweka vipya kwa gharama yake, akapaka vanishi kingo zote ili hewa ya pwani isipate pa kuingilia. Faida ya msimu mzima ilikwisha hapo. Akarudi akaandika ukutani kwa penseli ya seremala: SIKI HAPANA. Yapo mpaka leo, juu ya meza ya kukatia, kwa mwandiko wa baba yako. Mnunuzi wako akiingia, ukuta huo ndio atakaoubomoa kwanza, maana ndio unaozuia malori.

Uliniambia kwamba hata wakubwa wa kazi hii waliuza. Ni kweli. Ukoo wa Pilkington wa Uingereza ulishika kiwanda kilichoanzishwa St Helens mwaka 1826. Mwaka 1959 walitangaza njia ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea na kunyooka pande zote mbili bila kusuguliwa, na karibu kila kioo cha dirisha nikatacho leo kimetengenezwa hivyo. Ukitaka kujua kabla ya hapo mambo yalikuwaje, simama kwenye dirisha dogo la ghala yetu, utazame mnazi wa jirani huku ukisogeza kichwa. Utauona unajikunja kama nyoka. Basi, mwaka 1970 waliuza hisa kwa umma, na mwaka 2006 kampuni ikanunuliwa na Wajapani. Lakini waliuza kampuni, na tanuri zikaendelea kuwaka, na jina lao bado limo kwenye vioo. Sisi tunaambiwa tuuze uwanja. Siku hiyo hiyo kazi imekufa.

Na kazi yenyewe si ngeni kwetu kama watu wanavyodhani. Kioo ni mchanga, chokaa na magadi, na magadi ni yetu: kampuni ya kuyachimba kule Ziwa Magadi iliundwa mwaka 1911. Pale kwenye magofu ya Gedi, si mbali na hapa, kuna nyumba iliyopewa jina kwa sababu ya shanga ya Venice iliyopatikana ndani yake. Watu wa pwani hii walikuwa wakipokea kioo kabla ya babu wa babu zetu.

Biashara ikoje sasa? Nitakwambia ukweli. Nusu ni stika na herufi za plastiki zenye taa ndani, mashine inakata, brashi imelala. Nilihuzunika mwanzoni. Halafu binti yangu alikifungua kile kibao cha kinyozi, akakipiga picha, akazichora herufi za babu upya kwenye kompyuta, ile R yenye mguu mrefu, ile O iliyobonyea kidogo. Mteja mmoja ameziona, anataka duka lake liandikwe hivyo hivyo. Si pesa nyingi. Lakini anataka mkono wa babu, na mkono huo haupatikani kwingine.

Kwa hiyo sitatia sahihi. Kama umebanwa na ada za watoto niambie wazi, fungu lako la mapato liko kwenye daftari na nitakutumia wiki hii.

Nami nina haja kwako. Jina la kinyozi halikuwa na K wala M, na binti amekwama, hana mfano wa herufi hizo. Sanduku la ami liko kwenu Kisauni. Ndani mna karatasi zake alizozitoboa kwa sindano, ambazo alizipigapiga kwa kitambaa cha chaki ili herufi za babu zitokee kwenye ubao. Usilitume kwa basi. Karatasi zile zimekauka, zikikunjwa zitakatika. Lilete mwenyewe, ulipakate.