Mashine za kufukizia ziuzwe na maelekezo ya Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashine ndogo za umeme za kufukizia, ambazo siku hizi zinauzwa madukani na mitandaoni kwa ahadi kwamba mtu atavuta nguvu ya mmea bila kuvuta moshi. Kujifukiza si jambo geni kwetu. Nyungu ya majani ya mkaratusi na mchaichai tumeikuta kwa wazee wetu, na mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, Rais John Magufuli aliihimiza hadharani. Lililo geni ni kifaa kuingia nyumbani pasipo mtu wa kueleza kinachofaa kutiwa ndani yake.

Kwamba mvuke una nafuu kuliko moshi, sina ubishi. Mmea unapoungua hutoa lami na hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi. Mwaka 2007, Dkt. Donald Abrams na wenzake wa San Francisco, Marekani, waliwapima watu 18 waliovuta bangi kwa sigara na, kwa siku nyingine, kwa kifaa kinachopasha majani joto bila kuyaunguza. Kemikali ya bangi iliyoingia katika damu ilikaribiana kwa kiasi, lakini kaboni monoksaidi ilipungua sana walipotumia kifaa. Ukweli huo ulihusu kifaa maalumu na majani makavu, na si haki kuubandika kwenye kila chombo kinachotoa wingu jeupe.

Hofu yangu kubwa ni mafuta. Nyungu inapochemka, mvuke wa maji hubeba kiasi kidogo cha sineoli, ambayo ndiyo hasa harufu ya mkaratusi. Nebulaiza, ile mashine wanayopewa wagonjwa wa pumu, haichemshi kitu; hupasua dawa ya maji kuwa matone ya mikroni 1 hadi 5, madogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Anayetia humo mafuta ya mkaratusi au ya karafuu, kwa kuamini kwamba yanatokana na mmea na kwa hiyo hayadhuru, anayapeleka mafuta yenyewe mahali ambapo mwili huyaondoa kwa shida, na madaktari wanaijua vyema nimonia inayosababishwa na mafuta.

Tusisahau yaliyotokea Marekani mwaka 2019. Hadi Februari 18, 2020, watu 2,807 walikuwa wamehesabiwa kuwa wamelazwa au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vifaa vya kuvutia mvuke, na 68 kati yao walikufa. Watafiti walipochunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, waliikuta vitamini E asiteti kwa 48. Kitu hicho hupakwa kwenye ngozi na humezwa kama kirutubisho bila madhara ya kawaida. Hatari ilikuwa kukivuta.

Siombi mashine hizi zipigwe marufuku. Sufuria la maji yanayotokota nalo lina hatari yake, na mwaka huohuo wa 2020 hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, iliripoti ongezeko kubwa la watoto waliobabuka katika kujifukiza. Mashine iliyotengenezwa vizuri, yenye tangi lililofungwa, ingeweza kuwaepusha wengi na ajali hiyo.

Ninachoomba ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na Shirika la Viwango Tanzania kuwabana waagizaji, ili kila mashine iwe na maandishi ya Kiswahili yanayotaja kinachoruhusiwa kutiwa, kiwango cha joto inachofikia, na onyo kwamba mentholi na kafuri hazifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Nawe, Mhariri, naomba gazeti lisipokee tangazo la mashine ya namna hii ambalo halimwelezi mnunuzi mambo hayo.

Mfamasia mstaafu,
Tanga